"Saizi ni ile ile": namba ya mzigo na herufi ya mwendo ubavuni mwa tairi

Taarifa za ajali zina sentensi moja inayorudi kila mara: "Chanzo ni kupasuka kwa tairi la mbele, dereva akashindwa kulimudu gari." Baada ya hapo mjadala huanza. Huyu anasema ni tairi za Kichina. Yule anasema ni joto la lami. Wa tatu anasambaza ule ujumbe wa WhatsApp wenye orodha ya herufi za mwendo zinazoandikwa ubavuni mwa tairi, kwamba tairi lililoandikwa S ukilipitisha kilomita 180 kwa saa linapasuka. Orodha yenyewe ni sahihi. Shida ni kwamba wengi wanaopasukiwa tairi Chalinze, Voi au Manyoni hawakuwa hata karibu na 180. Walikuwa kwenye 90, gari limejaa, saa nane mchana.

Kwa hiyo herufi peke yake haielezi kinachotupata. Kabla yake kuna namba, na kwetu sisi tunaojaza magari, namba hiyo ndiyo ya kwanza kuangalia. Bahati mbaya ndiyo isiyosomwa kabisa dukani, ambako muuzaji hukupa tairi na kukuambia "saizi ni ile ile".

Chukua tairi linalotumika kwenye Noah nyingi na baadhi ya Premio. Ubavuni limeandikwa 195/65R15 91S. Mia moja tisini na tano ni upana wa tairi kwa milimita. Sitini na tano ni kimo cha ubavu, kikihesabiwa kama asilimia ya huo upana. R ni aina ya ufumaji, radial, ambayo magari madogo karibu yote yanatumia siku hizi. Kumi na tano ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hapo ndipo muuzaji anapoishia, na hiyo ndiyo anayoiita saizi.

Kinachobaki, 91S, hakihusu umbo la tairi. Kinahusu kazi ambayo tairi linaweza kufanya. 91 ni namba ya mzigo, na S ni herufi ya mwendo.

Namba ya mzigo si kilo. Ni alama inayosomwa kwenye jedwali moja linalotumiwa na watengenezaji wote duniani. 91 maana yake tairi moja linaweza kubeba kilo 615. 84 ni kilo 500, 88 ni 560, 95 ni 690, 100 ni 800, 107 ni 975. Angalia kwamba kutoka 84 hadi 91 ni hatua saba tu kwa kuhesabu, lakini ni kilo 115 kwa kila tairi. Mtu anayeona 88 na 91 akasema "zinakaribiana" ameshapunguza kilo 55 kila kona ya gari, yaani 220 kwa gari zima. Hao ni watu watatu wazima.

Herufi nayo ni kikomo cha mwendo ambao tairi lilipimwa nao likiwa limebeba mzigo: L ni kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160, S ni 180, T ni 190, H ni 210, V ni 240. H imeruka mstari wa alfabeti kwa sababu za kihistoria tu. Ilitumika zamani kabla herufi nyingine hazijajazwa, ikaachwa ilipo.

Sasa kwa nini tairi lipasuke kwenye 90 wakati limepimwa kwa 180? Hapa ndipo ujumbe wa WhatsApp unaponyamaza, na jibu lake ni joto. Si joto la lami hasa, bali lile linalozaliwa ndani ya tairi lenyewe.

Chukua waya mwembamba, ukunje huku na huku mahali pamoja mara ishirini, halafu paguse ulipokunja. Pamoto. Endelea na utakatika. Tairi linafanya kazi hiyo hiyo. Sehemu inayogusa barabara hubonyea kwa uzito wa gari, ikiinuka hunyooka, ikirudi chini hubonyea tena. Tairi la 195/65R15 lina mzingo wa karibu mita mbili, kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko kama 500. Ukiwa kwenye mia, kila kipande cha ubavu kinakunjwa mara 14 kwa sekunde, mara 50,000 kwa saa. Dar es Salaam hadi Dodoma, kilomita 450 hivi, ni mikunjo zaidi ya laki mbili. Kila mkunjo unaacha joto kidogo kwenye mpira, kwenye nyuzi na kwenye waya za chuma zilizofumwa ndani. Likiwa dogo linatoka na upepo wa njiani. Likizidi kile kinachotoka, mpira unaanza kuachana na waya, na kuanzia hapo kupasuka ni suala la muda.

Mambo matatu huongeza joto hilo: mzigo mkubwa, ambao hufanya mkunjo uwe wa kina zaidi, mwendo mkubwa, ambao huongeza idadi ya mikunjo kwa dakika, na upepo mdogo ndani ya tairi, ambao huliacha lilegee. Namba inazungumzia la kwanza na herufi la pili. La tatu halikuandikwa ndani ya 91S, lakini yote mawili yanalitegemea. Zile kilo 615 tairi linazibeba likiwa na upepo kamili. Ukipunguza upepo, namba iliyoandikwa inabaki 91, lakini uwezo wenyewe umeshuka.

Nililijifunza hili kwa njia ambayo simtakii mtu. Desemba moja tulikuwa tunapanda Moshi kwa Krismasi, Noah moja, watu wazima saba, watoto watatu, na mizigo hadi kwenye keria. Asubuhi tulipitia kwa fundi kuangalia upepo. Akatushauri kwa nia njema kabisa: "Safari ndefu hii kaka, na jua la leo, tupunguze kidogo zisije zikapasuka." Nikakubali. Ushauri huo nilikuwa nimeusikia tangu utotoni, kwa baba na kwa wajomba, na sikuwahi kuuhoji. Tulipofika Korogwe kula, shemeji yangu alizunguka nyuma ya gari akaniita. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limetoa nundu ubavuni, kubwa kama nusu ya chungwa. Kulishika tu mkono ukaungua. Tulikuwa tumepakia watoto kiti cha nyuma, juu yake hasa. Tulipopima upepo, lilikuwa na PSI 24 tu (PSI ndicho kipimo cha upepo wa tairi).

Ninaomba nieleweke hapa, kwa sababu ushauri huu bado unatolewa kila siku vituoni: kupunguza upepo kwa ajili ya safari ndefu hakuzuii tairi kupasuka. Ndiko kunakolipasua. Ni kweli upepo hutanuka ukipata joto, na ukipima katikati ya safari utakuta PSI imepanda tatu au nne. Mtengenezaji analijua hilo na ameshaliweka kwenye hesabu. Kupanda huko kunaligangamaza tairi na kupunguza mkunjo. Ukifungua vali njiani ili "lipumue", unalilegeza, linakunjwa zaidi na kuchemka zaidi. Upepo unapimwa tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla ya kuondoka, na ukishapimwa vizuri hauguswi hadi gari lipoe tena.

Tufanye hesabu ya Noah ile, maana inafundisha kitu kingine pia. Gari lenyewe tupu lina kilo kama 1,570. Limesajiliwa Japani kwa watu wanane, na uzito wake likiwa limejaa umeandikwa kama 2,010. Ukitoa, unabaki na kilo 440 kwa watu wanane. Hiyo ni kilo 55 kwa kila mtu, kwa sababu ndivyo Wajapani wanavyohesabu abiria. Sisi tulikuwa watu wazima saba. Nikikadiria kilo 75 kila mmoja ni 525. Watoto watatu kilo 30 kila mmoja ni 90. Mizigo, ndizi na mchele wa kwenda nao, tuseme 150. Jumla 765. Ongeza gari, ni 2,335.

Matairi manne ya 91 yanabeba 615 mara nne, sawa na 2,460. Ziada ilikuwa kilo 125 kwa gari zima, na hiyo ni kama uzito ungegawanyika sawasawa kwenye kona zote nne, jambo ambalo halitokei. Mizigo na watu wa viti vya nyuma huelemea nyuma. Tena hesabu hiyo inataka upepo kamili. Tairi la aina ile likishuka hadi PSI 24 hupoteza zaidi ya kilo mia za uwezo wake. Kwa hiyo tairi lile la nyuma kushoto, lililokuwa la saizi sahihi, namba sahihi na herufi sahihi, lilikuwa limezidiwa tangu tunatoka getini.

Sasa turudi dukani, kwenye ile kauli ya "saizi ni ile ile".

Mfano ambao ningependa kila mwenye Hiace aujue ni huu. Hiace nyingi zinazobeba abiria huku kwetu zimetoka kiwandani na tairi la 195/80R15 107/105L, lenye herufi LT, yaani tairi la gari la mzigo mwepesi. Suzuki Jimny Sierra, kile kigari kidogo cha milimani, nacho kinatumia 195/80R15, ila lake ni 96S. Yaweke mawili hayo ubavu kwa ubavu: upana mmoja, kimo kimoja, rimu moja. Ukimwambia muuzaji "nipe 195/80 ya kumi na tano" anaweza kukupa lolote, na hatakuwa amekudanganya kuhusu saizi. Lakini 107 ni kilo 975 na 96 ni kilo 710. Tofauti ni kilo 265 kwa tairi moja, zaidi ya elfu moja kwa gari zima. Tairi la Jimny likiwekwa kwenye Hiace yenye abiria waliojaa litazunguka vizuri mjini, pengine kwa miezi. Siku ya safari ndefu ndipo litakapokumbuka kwamba halikuumbwa kwa kazi ile.

Ile 107/105 si namba mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kwa tairi likikaa peke yake kila upande, kama kwenye Hiace. Ya pili ni kwa magari yenye matairi mawili mawili nyuma, ambako kila moja hupewa kidogo pungufu.

Hali ni hiyo hiyo kwa rimu za inchi 13. Kuna 165/80R13 ya gari dogo yenye namba 83, kilo 487. Kuna 165R13C yenye 94/92, kilo 670. Ile C mwishoni inatoka kwenye neno la Kiingereza "commercial", yaani la kibiashara: ni tairi la gari la mizigo na kazi. Probox ya mzigo ilizaliwa na matairi ya kundi hili, na anayeifanya mchomoko wa kupakia watu hadi buti anayahitaji kuliko hata Mjapani aliyeibuni. Bei ya tairi la gari dogo ni nafuu, na ndiyo maana linachaguliwa. Ningekuwa abiria wa hizo gari, na nimekuwa mara nyingi, ningeinama kusoma ubavu kabla ya kupanda.

Hapo kwenye Hiace herufi nayo inapata uzito wake. L ni 120. Tairi la LT ni kama mpagazi: lina nguvu ya kubeba, si la kukimbia. Dereva wa Premio yenye S akigusa 125 bado ana nafasi kubwa. Dereva wa Hiace yenye L akigusa 125 ameshapita kikomo, tena amejaza. Basi na matatu, Tanzania na Kenya, kikomo chao cha sheria ni 80, na ukilitazama tairi unaona sheria hiyo haikuwekwa kwa kuonea mtu.

Kwa gari dogo, je, ni lazima utafute H au V? Maoni yangu: kama kibandiko cha kwenye mlango wa dereva kinasema S, S inakutosha kwa barabara zetu. Kupanda herufi hakuna ubaya, kushuka ndiko kubaya. Lakini pesa ya kununulia V kwa gari la kutembea 90 ni afadhali uitumie kupata tairi lililotengenezwa karibuni na lenye namba ya mzigo inayokutosha. Na herufi hupimwa kiwandani kwa tairi jipya, likizungushwa juu ya ngoma ya chuma kwa saa moja, mwendo ukipandishwa hatua kwa hatua. Tairi la miaka minane lenye viraka viwili halina tena haki ya kudai herufi yake.

Je, namba kubwa zaidi inakuruhusu kupakia zaidi? Hapana, na hapa wengi wanateleza. Tairi imara haliongezi nguvu ya springi, breki, beringi wala rimu. Gari linabaki na uwezo lililotoka nao kiwandani. Tairi linapewa nafasi ya kupumua tu. Halafu kuna alama XL, au Extra Load. 195/65R15 ya kawaida ni 91, ya XL ni 95, kilo 690. Kilo hizo 75 za ziada zinatokana na kujazwa upepo mwingi zaidi. Ukilijaza upepo ule ule wa tairi la kawaida, umelipa bei ya XL na unabeba mzigo wa 91. Kuhusu 6PR na 8PR, zamani zilihesabu tabaka za nyuzi ndani ya tairi. Leo ni daraja la nguvu tu. Hakuna tabaka nane mle ndani. Isome namba ya mzigo, itakupa kilo kamili.

Kuna kauli nyingine ya mtaani, kwamba mtumba wa Japani ni bora kuliko jipya la Kichina. Tairi jipya kutoka China lenye namba na herufi sahihi, lililopitia ukaguzi wa viwango, ni tairi halali. Mtumba wa Japani unaweza kuwa mzima, na unaweza kuwa wa theluji. Japani kuna majira ya baridi kali, na baadhi ya magari hushuka bandarini kwetu yakiwa na matairi ya theluji. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au mchoro wa chembe ya theluji ndani ya mlima, na mara nyingi herufi yake ni Q. Kashata zake, yaani meno ya tairi, ni nene na zina mikato midogo midogo inayopendeza macho, kwa hiyo mnunuzi anaona amepata tairi "bado jipya". Mpira wake ni laini, umepikwa kwa ajili ya barafu. Kwenye lami ya Dodoma unalainika zaidi, unaisha haraka, na kwenye mvua breki zinaenda mbali. Yale yaliyochongwa upya kwa kisu baada ya kuisha sina la kuyasemea zaidi ya kwamba mchongo unaweza kuwa umefika karibu na waya.

Umri unasomeka mwishoni mwa msitari unaoanza na DOT. Tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zimeandikwa upande wa ndani tu, kwa hiyo omba tairi ligeuzwe. Vile vinyweleo vya mpira havithibitishi kwamba ni jipya. Hubaki miaka na miaka tairi likikaa stoo.

Kabla ya kwenda dukani, fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo au ukingo wa mlango kuna kibandiko. Magari ya Japani kimeandikwa Kijapani, lakini namba ni zile zile: saizi, mara nyingi na 91S yake, na upepo wa mbele na wa nyuma kwa kPa, kipimo kingine cha upepo. Gawanya kwa saba utapata PSI ya kukaribia: 220 ni kama 32, 230 ni kama 33. Usichukue ile iliyoandikwa ubavuni, "MAX PRESS 44 PSI" au nyingine. Hiyo ni mwisho wa tairi, si kipimo cha gari lako. Na fundi akikuuliza "tuweke ngapi, bosi?" jibu litoke kwenye kibandiko. Tukimwachia yeye, kila gari linaondoka na 35, IST na Hiace sawasawa.

Dukani sema yote kwa pamoja: "Nataka 195/65R15, tisini na moja au zaidi, S au zaidi." Kibandiko kikiwa kimefutika, soma matairi mawili matatu ya gari kama lako yaliyonunuliwa kwa watu tofauti, au kitabu cha gari. Lililofungwa sasa kwenye gari lako si ushahidi wa kutosha; huenda aliyekutangulia alikosea. Ukinunua mawili, yawe na namba na herufi zinazofanana na yakae ekseli moja, ikiwezekana ya nyuma, kwa sababu gari likiteleza nyuma kwenye mvua ni vigumu zaidi kulirudisha.

Halafu fungua buti usome la akiba. Magari mengi madogo ya Japani huja na lile jembamba lenye herufi T mbele ya saizi. Linataka upepo wa PSI 60, karibu mara mbili ya mengine, na kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa. Limetengenezwa likufikishe kwa fundi wa pancha. Nimeona gari limetoka nalo Segera likaingia nalo Arusha, na wiki iliyofuata bado lilikuwa limelivaa mjini.